Jina Mgongoni mwa Namba Saba

Ukumbi wa Kaloleni
6 Februari 2025

Kwa Bwana Mwanzia,
Duka la Televisheni na Gemu, Kware

Salamu nyingi. Mimi ni Lydiah Muriuki, katibu wa kamati ya vijana hapa ukumbini. Ndimi uliyezungumza naye kwa simu juma lililopita, uliposema una nia ya kutupa mashine mpya ya gemu. Huenda umeshangaa kupata barua badala ya simu nyingine. Mwenyekiti wetu, Bwana Wehliye, huamini tu kilichoandikwa, tangu mwaka ule tulioahidiwa tangi la maji kwa mdomo tukabaki na mdomo. Barua inaletwa na Khalayi wa pikipiki, anayenipelekea viatu vya akala kutoka kibanda changu cha Kariokor kwa wateja wa Pipeline, jirani na kwenu, kila Alhamisi. Ukiwa na jibu mpe yeye.

Ahadi yako tumeipokea kwa mikono miwili. Mashine tuliyo nayo imechoka. Inazima mechi ikiwa katikati, na vijana huipepea kwa kifuniko cha sufuria kama mgonjwa.

Tuna ombi moja tu. Fundi wako alimwambia Wehliye kwamba mashine za sasa zimetengenezewa televisheni za picha kali, hizo za 4K, na kwamba hazina hata matundu ya zile waya nyekundu, nyeupe na manjano. Televisheni yetu ni ya kisogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, inabebwa na watu wawili na wa tatu wa kusema pole. Kamati inaomba mashine inayokubaliana nayo. Hatuhitaji picha kali. Sababu ni za kawaida tu: umeme, wezi na mazoea.

Wako katika kazi,
Lydiah Muriuki
Katibu


Kware
9 Februari 2025

Dada Lydiah,

Barua yako nimeisoma nikiwa nyuma ya kaunta, nikacheka hadi mteja akadhani namcheka yeye. Sijaandikiwa barua ya karatasi tangu nimalize shule.

Unaniomba kitu ambacho hakitengenezwi tena. Mashine mpya zote zinatoa 4K, na makasha mengine yameanza kuandikwa 8K, ingawa huku Kware sijaona nyumba yenye ukuta wa kuitosha televisheni ya namna hiyo. Wateja huniuliza kama kweli kuna haja. Wanasema mpira ni uleule, goli ni lilelile, ya nini kulipia nyasi? Mimi huwajibu kwamba huihitaji mpaka siku utakayoiona. Ukishaiona, huwezi kurudi nyuma. Kwenye kisogo mchezaji ni doa la rangi linalofukuza doa jingine. Kwenye 4K unaona jasho, unaona kamba za viatu, unasoma jina lake mgongoni.

Basi nitawapa na televisheni yenyewe. Wezi mtafungia chuma, na umeme inakula kidogo kuliko hilo kabati lenu. Mazoea sina dawa yake.

Nami nina sharti moja: jina langu lisitajwe ukumbini. Nilizaliwa hapo Kaloleni na nina sababu zangu za kutokanyaga huko. Na uniambie ukweli, ni nani hasa anayepinga? Kamati haiwezi kuipenda televisheni ya kisogo hivyo bila mtu nyuma yake.

Mwanzia


Kaloleni
13 Februari 2025

Bwana Mwanzia,

Umetukamata. Yupo mtu, na tulidhani ukisikia utatuona watu wa ajabu.

Spika za ile televisheni zilikufa kabla mimi sijaolewa Kaloleni. Picha ipo, sauti hakuna. Kwa hiyo Jumamosi mchana, vijana wakicheza, kuna mzee mmoja husimama kando ya kioo na kutangaza mechi kwa mdomo. Anashika kipaza sauti cha zamani, kile cha kubebwa mkononi, kisicho na betri. Hakihitaji, sauti anayo. Anatangaza kama redio ya wakati huo, na ukumbi unajaa.

Sasa sikiliza sehemu yenyewe. Kwa kuwa wachezaji ni madoa, kama ulivyosema, majina yao hayasomeki, na hata yale maandishi ya juu ya kioo yanaonekana kama mchanga. Yeye huwapa majina ya timu ya mtaa ya zamani. Beki wa kati ni Muindi, aliyekuwa karakana ya Reli. Kiungo ni Wachira. Kuna Mama Kate, mjane, huja na kiti chake kutoka nyumbani ili amsikie mumewe akiokoa penalti. Vijana nao hawataki kucheza bila mzee. Whitney, msichana anayewafunga wavulana wote hapa, anasema akicheza kimya kimya hajisikii kama amefunga.

Televisheni inayosomeka majina itamwachisha kazi. Hiyo ndiyo sababu, na nyingine zote niliongeza ili barua ionekane ya kamati.

Anaitwa Mzee Kiilu, mstaafu wa Reli. Ukitoka hapa pengine unamjua.

Lydiah


Kware
16 Februari 2025

Bi. Lydiah,

Namjua. Mzee Kiilu ni baba yangu.

Sikusema mapema kwa sababu hukuuliza, na kwa sababu wewe umeolewa hapo juzi, hungekuwa na habari. Wenyeji wanajua na wamekunyamazia. Nitakueleza mara moja ili tusizunguke tena.

Nilikuwa winga wa kulia wa timu ya mtaa, namba saba. Baba alikuwa mtangazaji wetu uwanjani, na kipaza sauti ni hichohicho, siku hizo kikiwa na betri. Siku ya fainali nilipata nafasi ya kazi katika duka la vifaa vya umeme mjini, na mwenye duka alitaka nianze asubuhi ile ile au nisianze kabisa. Nikaenda kazini. Sikumwambia mtu kwa sababu nilijua wangenizuia. Timu iliingia uwanjani pungufu ikafungwa, na baba akatangaza kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukisikia, kwamba namba saba hayupo, na kwamba yeye Kiilu hana tena mtoto anayeitwa Mwanzia. Niliporudi jioni nilipewa habari hiyo na watu wanaouza mandazi barabarani, kabla sijafika mlangoni. Sikuingia.

Sina hasira. Nina duka, nina mke, nina watoto wawili ambao hawajawahi kuuliza mengi. Nasema tu kwamba mtu huyo ameshazungumza vya kutosha. Televisheni ninayowapa ina spika zake nzuri, na gemu ina watangazaji wake ambao hawana jamaa yeyote Kaloleni. Vijana wanastahili hivyo.

Barua hii usiisome mbele ya kamati.

Mwanzia


Kaloleni
20 Februari 2025

Ndugu Mwanzia,

Sikuisoma mbele ya kamati. Nimemwambia Wehliye kwamba bado tunajadiliana mambo ya waya.

Sasa nimeelewa jambo nililokuwa nalisikia kila Jumamosi bila kulitilia maanani. Nimeanza kukuandikia nikafuta, maana ukilisoma hapo kwenye kaunta utadhani mwanamke mmoja wa viatu anakubembeleza ili asipoteze mchezo wake. Kwa hiyo sitaliandika. Njoo ulisikie kwa masikio yako.

Jumamosi saa nane mchana, simama mlangoni upande wa mti wa jakaranda. Kuna giza kidogo pale, hakuna atakayekutazama. Sikiliza anachosema kuhusu namba saba. Ukishasikia, leta televisheni yako ukipenda, nami nitashika upande mmoja kuiingiza.

Hilo ndilo ombi langu. Si la kamati.

Lydiah


Kware
21 Februari 2025

Bi. Lydiah,

Anachosema kuhusu namba saba nilishakisikia, na mtaa mzima pia. Sihitaji marudio.

Mafundi wangu watafika kesho asubuhi na televisheni, mashine na chuma cha ukutani. Nimewaagiza waweke picha kwenye kiwango cha juu kabisa na sauti iwe juu pia. Hakuna cha kutia sahihi. Ile ya kisogo waipeleke stoo, au muiuze kwa watu wa vyuma.

Mwanzia


Kware
27 Februari 2025

Bi. Lydiah,

Khalayi amepita leo na viatu bila barua. Mafundi wanasema kazi iliisha salama na kwamba vijana walipiga makofi picha ilipowaka. Nilitarajia neno moja kutoka kwa kamati inayopenda sana karatasi. Nijulishe picha ikoje, na sauti.

Mwanzia


Kaloleni
6 Machi 2025

Ndugu Mwanzia,

Juma lile sikuandika kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na barua ya hasira huwezi kuirudisha Khalayi akishawasha pikipiki. Leo nimepoa kidogo.

Picha ni nzuri, sitakudanganya. Hata mimi nilisimama nikitazama nyasi. Ukumbi ulijaa kuliko siku zote, na baba yako alikuja amevaa koti. Wehliye alitaka sauti ya gemu iachwe, vijana wakakataa. Wakasema televisheni ni mpya lakini mtangazaji ni yuleyule. Basi wakazima sauti yako, Mzee Kiilu akasimama kando ya kioo na kipaza sauti chake, akaanza kama kawaida. Nitakuandikia alivyosema, maana ndicho nilichotaka ukisikie mlangoni:

"Muindi kwa Wachira. Wachira anainua kichwa, anatazama kulia, anamwona Mwanzia. Mwanzia huyo. Mwanzia wa Kaloleni, mtoto wa Kiilu, anakimbia kama mtu anayewahi treni ya mwisho."

Hivyo ndivyo anavyosema kila Jumamosi, tangu nimjue, nami nilidhani huyo Mwanzia ni marehemu kama mume wa Mama Kate. Namba saba ni wewe. Kila mechi unafika uwanjani, na kila mechi unafunga, hata Whitney akipiga nje. Akipiga nje mzee husema mwamuzi amepitiwa. Watu hucheka, lakini hakuna anayembishia, na sasa najua kwa nini wenyeji walikuwa wakiinamisha macho.

Jumamosi ile Whitney alifunga kweli, kwa namba saba. Mzee akapaza sauti, Mwanzia, Mwanzia, Mwanzia. Na Whitney, ambaye ana roho safi na hakuwa na maana mbaya, akamwambia, "Buda, huyo si Mwanzia. Jina yake iko hapo mgongoni, ona."

Baba yako akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akasogea karibu na kioo. Jina lilikuwa pale, kubwa, la kigeni. Kisha ile mashine ikafanya mambo yake ya sherehe ya goli, ikamleta mchezaji uso kwa uso. Kijana mweupe, ana ndevu na mchoro shingoni. Unaweza kuhesabu nywele zake. Mzee alimtazama mpaka mechi ikaanza tena. Akaniuliza, "Ni huyu siku zote?" Akasema, "Kumbe ni mgeni," akakaa.

Hajatangaza tena. Jumamosi iliyopita hakuja. Tuliwasha sauti ya gemu, ikasema Kiingereza chake, Mama Kate akabeba kiti akaenda nyumbani. Whitney naye amegoma kucheza. Nimemweleza kwamba si kosa lake na hanisikii.

Uliniambia mtu akishaiona picha kali hawezi kurudi nyuma. Nilidhani ni maneno ya kuuza.

Lydiah


Kware
13 Machi 2025

Dada Lydiah,

Barua yako niliipokea Alhamisi iliyopita, nikafunga duka mchana, jambo ambalo sifanyi hata siku za mvua. Nilipanda juu hadi kwenye paa tunakoanika nguo, nikaisoma tena huko.

Nilitaka anyamaze. Ndiyo sababu ya spika nzuri na sauti juu. Mambo ya vijana kustahili niliyaongeza, kama wewe ulivyoongeza umeme na wezi. Sasa amenyamaza, na mimi ndiye ninayeumia. Miaka yote hii nimejua maneno ya mwisho ya baba yangu juu yangu, nikayabeba nikafungua nayo duka, nikaoa nayo. Kumbe yeye aliendelea kusema, kila Jumamosi, umbali ambao Khalayi anaumaliza kabla chai haijapoa. Nina uchungu na nina aibu, Lydiah, na siwezi kumwambia mtu hapa kwa sababu ningeanzia wapi?

Nimefanya ninachokijua. Kwenye kifurushi hiki kuna kisanduku kidogo. Kinaishusha picha ya mashine mpya mpaka ipite kwenye waya zile tatu na kuingia kwenye kisogo. Majina yatarudi kuwa mchanga. Mafundi wangu wamecheka sana, maana dukani hatujawahi kuuza kitu cha kuharibu picha. Toa ile televisheni ya zamani stoo, uirudishe mahali pake. Mwambie mzee kwamba ile mpya imeharibika. Mwambie Whitney kwamba aliona vibaya.

Jina langu lisitajwe bado. Au litaje. Sijui tena.

Mwanzia


Kaloleni
20 Machi 2025

Kwa Mwanzia,

Salaam. Huyu ni Kiilu. Bi. Lydiah amenipa karatasi na kalamu, na ameahidi kutosoma, ingawa najua atasoma.

Kwanza nikuondolee wasiwasi kuhusu katibu. Hakutaja jina lako. Siku ya kufunga ile televisheni nilikuwa nimekaa pale, na fundi wako mmoja akamwambia mwenzake, "Kaza vizuri, Mwanzia atauliza." Kwa hiyo nilipotangaza mchana ule nilikuwa nikijua imetoka kwa nani. Ndiyo maana nilivaa koti.

Pili, niliambiwa imeharibika. Nimefanya kazi Reli maisha yangu yote na najua kitu kilichoharibika. Ile ni nzima. Nimeiomba kamati iiache ukutani, kwa sababu vijana wanaipenda na ni haki yao, na Whitney nimekwenda kwao mwenyewe kumwambia kwamba alisema ukweli na ukweli si kosa. Ameanza kucheza tena.

Kile kisanduku chako kinafanya kazi. Juzi walinifungia kisogo kando, nikasimama na kutazama. Picha ilikuwa kama zamani, mchanga mtupu. Muindi nilimwona, Wachira nilimwona, na mume wa Mama Kate alikuwa golini. Nilipofika kulia nikatafuta namba saba, na ndani ya lile doa nikamwona yule kijana mwenye ndevu. Muindi na wenzake ni marehemu, hawana mahali pengine pa kuchezea, wataendelea kukaa humo. Wewe u hai. Haifai kukuweka kwenye doa wakati una miguu.

Tatu, yale niliyosema siku ya fainali. Niliyasema kwa kipaza sauti, watu wakisikia, na barua haiwezi kuyafuta kwa sababu barua inasomwa na mtu mmoja, au wawili tukimhesabu katibu. Yatafutwa kwa njia ileile au hayatafutwa.

Wazee wa mtaa hucheza Jumamosi asubuhi uwanjani, waliokuwa timu moja nawe na sasa wana vitambi. Upande wa kulia hawana mtu. Mama yako, aliyesikia kwa katibu kwamba una watoto, anasema waje na sweta, kuna upepo. Kipaza sauti nimekitia betri, nimekijaribu mlangoni na majirani wamelalamika.

Sitabahatisha majina tena, mwanangu. Nitamtaja nitakayemwona.

Kiilu
Mtangazaji